Uji wa Mama Punje

Wenzake katika kituo cha utafiti wa mazao walimpachika jina la Mama Punje, naye hakulikataa. Kwa misimu mitatu alikuwa amefunga kibwebwe kuutafiti mchicha nafaka, ule unaolimwa kwa ajili ya mbegu zake. Watu wengi waliujua mchicha kuwa mboga tu. Kila alipowaeleza kwamba masuke yale mekundu, yaliyoinama kama mikia ya majogoo, hutoa nafaka yenye protini inayopungua katika mahindi, walimtazama kama aliyewaambia kuwa mgomba huzaa nazi.

Mama Punje hakutetereka. Vyeti vilijaa ukutani mwa ofisi yake na vipimo vilijaa daftarini. Siku mkuu wa kituo alipomruhusu kuujaribu uji wake katika shule ya chekechea ya jirani, aliubeba unga mwenyewe hadi jikoni.

Mpishi wa shule, mwanamume mcheshi wa makamo, alilamba unga kidogo, akatafuna taratibu. "Daktari, unga huu mbona una..."

"Wewe pika tu, kaka," Mama Punje alimkatiza. "Vipimo vyote nimeshafanya."

Uji ukapikwa, watoto wakamiminiwa. Kijiko cha kwanza tu, nyuso zikakunjamana. Msichana mmoja alitema kiganjani, akamwonyesha mwalimu wake. "Mwalimu, kuna mchanga. Halafu unanuka udongo." Vikombe hamsini vilirudi jikoni vimejaa. Mama Punje alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mkuu wa kituo hakumkemea, ila maneno yake yaliwasha kama upupu. "Chakula kisicholika si chakula, dada. Nakupa wiki mbili. Wakiukataa tena, shamba lile nalipanda mahindi."

Mama Punje akajifungia maabara. Alitia sukari, akapata mchanga mtamu. Aliuchekecha unga mara nne, mchanga ukapita pamoja nao. Siku ya nane maji yalikuwa yamemfika shingoni, na ile sentensi ya mpishi aliyoikata katikati haikumtoka kichwani. Hata hivyo, miguu ilikuwa mizito. Yeye alikuwa na shahada tatu, mpishi aliishia darasa la saba. Alipiga moyo konde, akaenda.

"Kaka, nimekuja kukuuliza," alisema mlangoni mwa jiko. "Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

Mpishi alifuta mikono, akamsogezea kigoda. "Nilitaka kukuuliza mnapura wapi."

"Pale pale shambani, chini."

"Basi umejijibu. Punje hizi na mchanga ni mapacha, chekeche haiwezi kuwatenganisha. Msimu ujao tandikeni turubai. Hizi mlizonazo tutaziosha. Mchanga ni mzito, utatuama."

"Na harufu ya udongo?" Safari hii swali lilimtoka bila kusita.

"Hiyo niachie. Kabla ya kushika mwiko huu niliuza bisi stendi miaka sita."

Waliziosha punje kwa maji matano, wakazianika juani hadi zikakauka kabisa. Kesho yake mpishi alibandika sufuria kavu motoni, akatupia konzi moja tu, akafunika. Punje zikaanza kurukaruka zikigonga mfuniko kama mvua ya rasharasha juu ya bati. Alipofunua, zilikuwa nyeupe, zimefura, zinanukia kama karanga za kukaanga.

Mama Punje aliuliza kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Moto uwe kiasi gani? Kwa nini konzi moja?

"Dondosha tone la maji. Likikimbia kwenye sufuria, moto umefika. Ukijaza nyingi kwa tamaa, zitaungua kabla ya kuruka."

Aliandika yote. Wakasaga, wakachanganya na unga wa mahindi, wakaonja, wakapunguza hiki na kuongeza kile mpaka wote wawili wakaridhika.

Siku ya kumi na nne mkuu wa kituo alikaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakikaribia kidevu, akapewa kikombe chake. Darasa zima vijiko vikasikika vikikwangua vikombe. Kisha watoto, bila kuitwa, wakajipanga foleni ya pili. Mkuu alichungulia ndani ya kikombe chake kitupu, akageukia jikoni. "Umebaki?" Alipopewa nyongeza, alimwambia Mama Punje, "Mahindi yatatafuta shamba jingine."

Ripoti ya utafiti ilipotoka, majina yalikuwa mawili: la Mama Punje na la mpishi. Mtaalamu mmoja aliona kichekesho. "Daktari mzima unafundishwa na mpishi?"

"Nilipokataa kuuliza, niliwapikia watoto mchanga," alimjibu. "Nilipouliza, niliwapikia uji."

Vikombe hamsini, vilivyorudi jikoni vitupu mara mbili, vilikuwa vimeshatoa ushahidi kwamba kuuliza si ujinga.