Jina Moja la Mjukuu wa Nakijwa

Hapo zamani, na wala si zamani ya kutisha, maana redio zilikuwepo na mabati yalikuwepo, aliishi huko milima ya Upare mjane mmoja jina lake Nakijwa. Mdomo alikuwa nao! Akisema hapana, hata mwenyekiti wa kijiji alikunja karatasi zake akarudi nyumbani.

Mama huyu alikuwa ametunza kitu kimoja moyoni, nacho ni jina la mama yake mzazi, Nanzia. Nanzia alifia ukingoni mwa mto Ngasho, akiwa na uchungu wa uzazi, watu wakingoja maji yapungue wamvushe. Nakijwa alikuwa na miaka sita, ameshika pindo la kanga ya mama yake. Sasa, katika ukoo wao mjukuu wa kwanza hupewa jina na bibi yake. Jina ni moja tu, na likishatamkwa halibadilishwi. Miaka hamsini Nakijwa alimtunzia jina lile mjukuu wa kike.

Palikuwa na watu watatu pale kijijini, na Nakijwa aligombana nao wote watatu. Sikilizeni.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa kike, Elinihaki, aliyefungua darasa la akina mama shuleni kila alasiri. Namkunda, mkwe wa Nakijwa, akaomba ruhusa.

"Mama, naomba nami nikasome."

"Ukasome nini? Migomba yangu ina herufi?"

Mwalimu akaja mwenyewe. Siku ya kwanza akafukuzwa. Siku ya pili akafukuzwa. Siku ya tatu hakusema neno, alikaa akamenya ndizi na Nakijwa mpaka sufuria ikajaa. Kesho yake Namkunda akaenda darasani.

Wa pili alikuwa fundi Kiangi. Baragumu la msaragambo lililia, na likilia kila nyumba hutoa mtu wa kazi ya pamoja. Safari hii kazi ilikuwa daraja la Ngasho. Watu walitaka daraja jembamba la mtu mmoja kupita, mawe yaishe haraka wakapumzike. Kiangi akakataa kabisa. "Mgonjwa hapiti peke yake," akasema. "Hupita na kitanda chake na watu wanne." Akaenda kwa Nakijwa kuazima kitanda, apimie upana.

"Kitanda changu? Mtoni?"

"Ndicho kipana kuliko vyote hapa kijijini, mama."

Watu wakacheka. Nakijwa hakucheka. "Mama yangu alikufa pale pale! Mlikuwa wapi na daraja lenu? Leo ndio mnakuja kupima kwa kitanda changu!"

Kiangi akainamisha kichwa. "Mama, wakati ule sikuwa nimezaliwa. Lakini sasa nipo."

Nakijwa akakitoa kitanda, huku ananung'unika. Mawe yalibebwa miezi minne badala ya miwili, na kila aliyeumwa mgongo alimtaja Kiangi kwa ubaya.

Wa tatu alikuwa Nesi Tumsifu wa zahanati iliyo ng'ambo ya mto. Nyumba yake ilivuja, na manesi watatu kabla yake waliomba uhamisho wakaondoka. Yeye alibaki. Kila mwezi alikwenda wilayani kufuata dawa, na akiambiwa hakuna, aliketi mlangoni mpaka ipatikane. Watu wa stoo wakambatiza Nesi Sitoki. Alimkaripia Nakijwa kwa kumchelewesha mkwe wake kliniki, na Nakijwa akawaka.

"Wewe binti, umezaa wangapi hata unifundishe?"

"Sijazaa hata mmoja, mama. Nimezalisha mia mbili."

Lo! Nakijwa aliondoka pale bila kuaga.

Basi masika yakaingia, mimba ya Namkunda ikafika mwezi wa tisa. Asubuhi moja akaamka uso umevimba, kichwa kinagonga, macho yanaona ukungu.

"Uchovu huo," akasema Nakijwa. "Lala, nikukorogee uji."

Namkunda akatoa kadi yake ya kliniki, akaweka kidole chini ya maneno, akasoma polepole: "Ku-u-mwa ki-chwa sa-na. Ku-vi-mba u-so. Ku-to-o-na vi-zu-ri. Ne-nda za-ha-na-ti ma-ra mo-ja." Akainua uso. "Mama, wameandika mara moja. Hawakuandika baada ya uji."

Nakijwa akapiga yowe. Mbonea, mume wa Namkunda, akaja mbio na majirani watatu, wakamlaza kwenye kitanda kile kile, wakaondoka. Kufika Ngasho, mto umejaa, unanguruma. Miguu ya Nakijwa ikagoma kwenye ukingo ule ule. Lakini kitanda kikapita, wabebaji wawili huku na wawili huku, hakuna aliyelazimika kwenda kiubavu. Naye akafuata, analia.

Wako barazani mwa zahanati, mwili wa Namkunda ukaanza kutetemeka na macho yakageuka. Nesi Tumsifu alikuwepo, na sindano ilikuwepo, ameileta Jumatatu kutoka wilayani. Akadunga. Mtetemeko ukatulia. Jua lilipoanza kushuka akazaliwa mtoto wa kike, analia kwa nguvu zake zote.

"Kifafa cha mimba hicho, mama," akasema nesi. "Mngechelewa kidogo..." Hakumaliza.

Nakijwa akapiga magoti kwenye saruji, akamshika mikono yote miwili. Mdomo wote ule ulipata neno moja tu. "Asante. Asante, mwanangu. Asante."

Siku ya saba watu wakajaa uani kusikia jina. Nakijwa akawashukuru wote watatu, akalia, akawashukuru tena. Wanafunzi wa Elinihaki wakaanza: "Mpe jina la mwalimu! Bila darasa, mtu angelala akingoja uji." Nakijwa akacheka, amekamatika.

Waliobeba mawe wakaja juu: "Angesoma kadi akafika mtoni, halafu? Apewe Kiangi!"

"Na msicheke," akasema Kiangi. "Mtoto wa kike ataitwa Kiangi, atazoea."

Nesi Tumsifu naye wakamlazimisha aseme. "Kadi ingesomwa, daraja lingevukwa, na mlango ungekutwa umefungwa. Mimi nilikuwepo. Ni hilo tu."

Hapo Namkunda akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hawa wote wananidai uhai wangu, maana ndio walionirudishia. Lakini bibi Nanzia hakupata mwalimu, hakupata daraja, hakupata nesi. Leo akikosa na jina, atakuwa amepata nini?"

Nakijwa akampokea mjukuu, akamtazama mwalimu, akamtazama fundi, akamtazama nesi. Kisha akatazama kule mtoni. Akafungua mdomo.

Aliyenisimulia aliishia hapo, akavuta kikombe chake cha chai, nami siwezi kumpita. Haya, nyinyi mliosikia yote: ingekuwa ni nyinyi mmempakata mtoto yule, jina lile moja, je, nani alistahili?