Sultani Aliyelala Hemani

Hapo zamani, chini ya milima yenye theluji, alikuwako Sultani Bahramu, mtu wa makuu na choyo pia. Kila mwaka baridi ilipokaribia, Wakurdi walishuka na kondoo wao kulisha katika bonde lake, naye roho ikamuuma kwa kila jani lililoliwa. Basi siku moja akawauliza wanazuoni wake, "Hawa waitwa Wakurdi kwa nini?"

Likazuka zogo. Huyu akasema ni jina la kabila la kale, yule akasema maana yake ni mashujaa. Mwishowe kadhi, ambaye hajapata kupanda hata kichuguu, akakata maneno: "Mkurdi ni kila alalaye hemani, basi."

Sultani akafurahi mno, akaamuru mbiu ipigwe: "Kila alalaye hemani ni Mkurdi, na Mkurdi asipite lango la bonde langu. Bawabu atakayempitisha, nitamkata kichwa!"

Ikawa theluji imeanza, kondoo wamebanana nje ya lango, na wadogo wao wanakufa. Inatia uchungu kusimulia. Palikuwa na Mkurdi mmoja fukara, jina lake Temo, hana kitu ila ulimi. Sultani alipotoka kwenda kuwinda milimani, Temo akamshikia farasi hatamu.

"Maulana, tufungulie, mifugo inakwisha."

"Nionyeshe kosa katika maneno ya kadhi wangu, nami nitafungua. Huwezi? Niondokee!"

Basi usiku ulipoingia, Sultani akapigiwa hema la hariri huko milimani, akalala. Asubuhi akaamshwa na Temo, ana mkate na bakuli la maziwa ya mgando, maana ndiyo desturi ya Wakurdi: mgeni akipiga hema jirani, huletewa chakula kabla hajawasha moto. Sultani akala akashiba, asiulize anakaribishwa kwa lipi. Temo naye akashuka mbio hadi kwa bawabu.

"Kuna Mkurdi mpya yuaja, mwenye hema kubwa kuliko yetu sote. Chunga kichwa chako!"

Sultani alipofika, lango limefungwa. Bawabu akachungulia juu ya ukuta.

"Samahani, Maulana. Usiku wa kuamkia leo umelala wapi?"

"Hemani, mpumbavu wee! Ningelala wapi?"

"Basi siwezi kufungua. Ni amri yako."

Sultani akafoka, akatukana, theluji ikimwingia shingoni. Temo akamwita kwa upole, "Ndugu yetu, sogea huku. Katikati ya kondoo kuna joto."

Kwa kuwa baridi haina heshima, Sultani akasogea. Akasimama pale kitambo, mwana-kondoo anamtafuna joho, mara akaangua kicheko hadi machozi.

"Umeniweza, Temo! Haya, niambie wewe asili ya jina hili."

"Siijui, Maulana. Mama yangu aliniambia sisi ni Wakurdi, naye aliambiwa na mama yake. Likiitwa, sisi ndio tunaoitikia. Kadhi hakutuuliza."

Aibu ikamshika Sultani. Kisha akapaza sauti, "Bawabu, fungua! Mbiu ile nimeifuta, bonde ni lao kila mwaka."

Lango likafunguliwa. Wakatangulia kondoo, na Sultani akangoja hadi wakaisha.