Kiboko Alivyokubali Kila Kitu

Masikio yapo?

Yapo, mawili mawili!

Na midomo?

Tumeifunga, fungua wako!

Basi nafungua. Zamani, wala si zamani sana, kwenye nchi ya mawe makavu, wanyama walichimba kisima wakafunga pampu. Pangoni wakaweka seva, kompyuta ya kugawa maji. Ndani ya seva mlikuwa na kifurushi kimoja kidogo cha programu, kilichojua zamu za wote. Koki ikitaka kufunguka, ilikiuliza kwanza: zamu ya nani? Nacho kilijibu, maji yakatoka. Chururu, chururu.

Kisha akaja Kiboko. Hakuchimba, hakubeba hata jiwe. Alijilaza kwenye dimbwi kubwa mlangoni mwa pango, akawatisha wote mpaka wakampa neno la siri la seva. Lakini vidole vyake vilikuwa vinene mno, akigusa kibodi anabonyeza herufi tisa kwa pamoja. Kwa hiyo akamtia kazini Pimbi, mama wa watoto wawili, awe anamwandikia amri.

Kiboko huyo alikuwa na tabia moja. Ukimsomea orodha, alisikia majina matatu tu. La nne halikuwahi kumfikia.

Siku moja akasema, "Pimbi, futa hicho kifurushi cha zamu. Maji yote yaje kwangu."

Pimbi akawatazama wanawe, ndimi zimewakauka. Hasira zikampanda.

"Sifuti," akasema.

Kiboko akamjibu kwamba basi atakalia shimo lake, na watoto wakiwa humo humo.

Pimbi akaingia pangoni, akakinakili kile kifurushi kwenye flashi, akaificha chini ya jiwe. Ndipo akakaa kwenye kibodi. Ta-ta-ta-ta. Seva ikauliza maswali, naye akayasoma kwa sauti.

"Ukifuta hiki, koki ya Digidigi itaondoka nacho. Unakubali?"

"Ndiyo," akasema Kiboko.

"Koki ya Kobe itaondoka nacho. Unakubali?"

"Ndiyo."

"Koki ya Pimbi itaondoka nacho. Unakubali?" Sauti yake haikutetemeka.

"Ndiyo, ndiyo." Kiboko akacheka, akajaza tikiti mdomoni.

"Koki ya dimbwi kubwa itaondoka nacho. Neno la siri la bwana mkubwa litaondoka nacho. Unakubali?"

"Nimesema ndiyo kwa yote. Usinichoshe."

Pimbi akabonyeza. Ta.

Pampu ikanyamaza, jii. Wadogo wakalamba umande kwenye mawe, wamezoea. Kiboko hakuzoea. Siku ya kwanza dimbwi likawa tope, siku ya pili tope likakauka, siku ya tatu ngozi ikaanza kumpasuka. Akaamuru kila kitu kirudishwe, akanguruma neno lake la siri. Pimbi akaliandika. Seva ikakataa.

"Iambie ni mimi," akasema Kiboko.

"Nimeiambia. Inauliza wewe ni nani."

Sasa, seva isiyo na bwana humtii aliyekaa mbele yake, na aliyekaa mbele yake ni Pimbi. Akaizima, akaiwasha, akachomeka flashi. Ta-ta-ta-ta. Kifurushi kikarudi na koki zote zikarudi. Seva ikaomba neno jipya la siri. Pimbi akawaita wenzake, kila mmoja akaweka herufi moja asiyoijua mwingine, asitokee tena mtu wa kusema mashine ni yangu. Chururu, chururu.

"Na mimi?" akauliza Kiboko, kwa sauti ndogo.

Pimbi akapanda juu ya jiwe, akamtazama macho kwa macho. "Una zamu kama sisi. Unamfuata Kobe."

"Kobe yuko wapi?"

"Yuko njiani, anakuja."

Funzo lake, wanangu: mashine ikikuuliza swali refu, usisome. Bonyeza ndiyo, upesi upesi, hasa ukiwa mkubwa na una sauti nene. Kusoma waachieni wadogo.

Nimefunga mdomo wangu. Fungueni yenu, mkanywe maji. Kwa zamu.