Deki Iliyofunikwa Kitambaa

Hapo zamani, si zile za mababu bali za juzi tu, harusi zilipokuwa zikihifadhiwa kwenye diski, palikuwa na mwanamke mjini Tabora aitwaye Nyamizi. Mama yake alikuwa amefariki. Sauti ya mama huyo ilibaki mahali pamoja tu duniani: kwenye diski ya harusi ya Nyamizi, pale mama aliposimama kumuaga binti yake, akasahau maneno, akacheka mpaka akashika meza. Mpiga picha alishahama mji, na nakala ilikuwa hiyo moja. Nyamizi aliitunza ndani ya khanga.

Baba yake, Mzee Ngasa, aliishi kijijini huko Urambo, kusikokuwa na umeme. Siku moja akatuma ujumbe: "Mwanangu, nakuja. Nataka nimsikie mama yako akicheka. Mara moja tu, nitosheke."

Nyamizi akamwambia mumewe, Kasanda. Kasanda akafurahi kupita kiasi, maana tangu alipoigeuza sebule kuwa sinema alikuwa akitafuta sababu ya kununua deki mpya ya kuchezea diski. Runinga ilikuwapo, pana kama mlango. Spika zilijaa kila kona. Sabufa ilitikisa vikombe mpaka kwa jirani. Deki tu ndiyo iliyopungua.

Dukani muuzaji akawaonyesha deki ndogo. "Hii inasoma kila kitu, bosi, hata diski iliyokwaruzika."

Kasanda akaipima mkononi. "Nyepesi kama sahani ya plastiki. Nyingine."

Muuzaji akaleta ya wastani. "Hii haina makuu."

"Basi haitufai. Nyingine."

Muuzaji akainama, akaburuta deki nyeusi yenye vitufe vya rangi ya dhahabu. "Hii ni ya wanaojua. Picha yake utaona mpaka vinyweleo. Ila inapata joto, inataka hewa. Halafu inachagua diski."

"Hata mimi nachagua," akasema Kasanda. "Ifunge."

Nyamizi, mtoto wao Milembe mgongoni, akanong'ona, "Baba Milembe, diski yetu ina mikwaruzo."

"Mama Milembe! Mkwe wangu asafiri kutoka Urambo, nije nimwonyeshe mkewe kwa deki ya kibanda cha chipsi?"

Nyamizi akamkaza mtoto mgongoni.

Deki ikabebwa na watu wawili, ikazungushwa mtaa mzima, ingawa njia ya mkato ilikuwapo. Nyumbani ikapokelewa na Kashindye, dada yake Kasanda, aliyeishi nao. Kashindye alikuwa hodari wa kufuma. Makochi yalishavaa, friji ilishavaa, hata rimoti ilikuwa na kanzu yake. Basi akaifumia deki kitambaa kizito cha maua, kikaifunika mbele na nyuma, matundu yake yote yasionekane.

"Mzee wa watu aje akute chuma kitupu?" akasema.

Nyamizi alipokuwa akifuta vumbi akagusa kile kitambaa, akakuta kina moto kama kikaango cha maandazi. Akakivua. Kashindye akakirudisha.

"Wifi, kazi ya mikono yangu imekukera? Sema tu, nifungashe niondoke."

"Hapana, wifi. Kizuri sana."

Kesho yake akakigusa tena. Moto vilevile. Akanyamaza.

Siku ya mgeni ikafika. Tangu asubuhi Kasanda aliwaonyesha majirani filamu ya mabomu, nao wakatoka wameziba masikio na kumsifu. Hapo akasema, "Mama Milembe, lete ile diski tuijaribu kabla baba hajafika."

Nyamizi akaifungua khanga. Diski ikaingia. Mama akatokea kwenye runinga: kilemba chake, pengo lake, mpaka kinyweleo cha kidevuni. Akashika meza. Akafungua kinywa.

Picha ikaganda. Ndani ya deki kukasikika krr, krr, krr.

Kasanda akabonyeza kitufe, droo haikutoka. Akabonyeza rimoti, haikutoka.

"Zima umeme, kaka!"

"Usiguse! Itaharibika deki!"

"Inamkwaruza mama!" akalia Nyamizi, na ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kusikika mpaka uani. Akanyakua kisu cha mkate, akaichokonoa droo, akavuta. Tak! Diski ikatoka vipande viwili.

Wakatazamana.

"Mimi simwambii," akasema Kasanda. "Mimi ndiye niliyehangaika ili asikie. Nimemchagulia deki bora mji huu mzima. Nani aliivika kama bibi harusi? Nani ameichokonoa kwa kisu? Isitoshe, mimi ni mkwe. Mkwe anaanzaje kumpa baba mkwe habari kama hii?"

"Haa, kaka!" akasema Kashindye. "Uliambiwa inataka hewa, ukanidokeza? Ulikiona kitambaa, ukakisifia mbele ya majirani. Mimi nilifunika kwa kumheshimu mzee. Wifi ndiye aliyegusa moto kwa mkono wake, akaniambia 'kizuri sana'. Huyu ni baba yake, aende yeye."

Nyamizi alikuwa ameshika kipande huku na kipande huku.

"Mkono uliovunja ni wangu," akasema. "Na moto niliujua. Lakini dukani nilisema, nikanyamazishwa. Kitambaa nikakivua, nikatishiwa. Mdomo huu humu ndani haukutakiwa siku zote. Leo, kwa baba yangu, ndiyo umekuwa na kazi?"

Kabla hajajibiwa, mlango ukagongwa.

"Hodi, wenyewe!" Ilikuwa sauti ya Mzee Ngasa, amechoka na safari lakini amechangamka. "Mwanangu, nimechelewa? Ameshacheka?"

Watatu wale wakatazama komeo, hakuna aliyenyanyua mguu.

Haya, nyinyi mliokaa mkisikiliza: Kasanda aliyechagua, Kashindye aliyefunika, na Nyamizi aliyejua akanyamaza, kisha akavuta. Mzee yuko nje, amesimama. Je, nani alistahili kumfungulia mlango?