Bangili ya Bi Shani na Taa ya Makutano

Haya, sogeeni. Leo sina hadithi ya kuwalaza. Hii ni ya kuwanyima usingizi, na kabla hatujaachana mtanijibu, maana mimi imenishinda.

Katika jiji moja palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza ni Hidaya, fundi wa taa za barabarani. Kipawa chake kilikuwa kuwaonea uchungu watu asiowajua. Aliona basi la mwendokasi limejaa abiria hadi mlangoni, limesimama kwenye taa nyekundu likipisha gari dogo lenye mtu mmoja na kiyoyozi chake. Akasema, "Huu ni uonevu." Basi akazitengeneza taa za makutano makubwa zitambue basi linapokaribia. Ikiwa ni kijani, inabaki kijani mpaka basi lipite. Ikiwa ni nyekundu, inageuka upesi.

Wa pili ni Chande, dereva wa basi. Kipawa chake kilikuwa kutopoteza muda wa watu. Wenzake walipoona taa zinawapendelea walianza kuzubaa vituoni wakipiga soga. Yeye hapana. Akifika anafungua, anafunga, anaondoka. Alikuwa na msemo wake: "Ukipishwa, pita. Usisimame kumshukuru aliyekupisha."

Wa tatu ni Afande Magesa, trafiki, na kipawa chake kilikuwa mkono. Nanyi mnayajua mambo yetu: taa zinawaka vizuri kabisa, lakini katikati yake kasimama trafiki, taa zikisema hivi yeye anasema vile. Magesa alikuwa hodari wa hilo. Mwenye mgonjwa alimpitisha, bibi harusi alimpitisha, hata aliyelia sana tu alimpitisha. Hidaya akamwendea akamwambia, "Afande, mkono wako una huruma, lakini unawaona walio karibu nawe peke yao. Aliye ndani ya basi atakuliliaje? Niachie taa zangu zifanye kazi." Magesa akafikiri, akaona ni kweli, akaahidi kuuteremsha mkono. Si jambo dogo, jamani. Mtu aliyezoea kuamuru, kunyamaza kwake ni kazi nzito.

Sasa, katika jiji hilo aliishi Bi Shani, mjane mwenye watoto wawili. Mkubwa, Sudi, hakuja kumzika baba yake, na mama alimwambia asikanyage tena kwake, wala radhi yake asiitarajie. Mdogo, Mwanaidi, alibaki nyumbani. Alimwogesha mama, akamlisha, akamgeuza kitandani, miaka na miaka. Hakuna aliyemsifu. Mtoto aliyepo kila siku huonekana kama sehemu ya nyumba.

Siku Bi Shani alipozidiwa alisema, "Niitieni Sudi. Nisiende na kinyongo." Mwanaidi akampigia simu kaka yake.

"Kaka, njoo. Mama anataka kukupa radhi yako. Usingoje kesho."

Sudi alikaa upande wa pili wa jiji. Akakimbilia kituoni, akapanda basi la Chande huku midomo ikimtetemeka kwa dua.

Huku nyumbani maumivu yakazidi. Mwanaidi akamwomba jirani, Bi Zena, akae na mgonjwa, yeye akachukua bajaji kwenda kufuata dawa ya kumtuliza. Akaipata, akawa anarudi mbio.

Nyumba ya Bi Shani ilikuwa ng'ambo ya makutano, mbali kwa mtu wa miguu lakini karibu kabisa na kituo cha basi. Sudi alikuja kwa barabara ya mabasi, na Mwanaidi kwa barabara inayoikata. Upande wake taa ilikuwa nyekundu. Likapita basi la kwanza, kisha la pili, na taa ikawa bado inangoja la tatu. Akashuka kwenye bajaji, akamkimbilia Magesa.

"Afande, nakusihi. Mama yangu anakata roho, na dawa yake ndiyo hii."

Mkono wa Magesa ukanyanyuka, ukafika usawa wa kifua. Akaiangalia taa. Akaliangalia basi linalokuja, vichwa vya abiria vimejaa madirishani. Akakumbuka ahadi yake, akaushusha.

"Vumilia, dada. Itageuka sasa hivi."

Basi la tatu ndilo lilikuwa la Chande. Lilipita mbele ya macho ya Mwanaidi, na dirishani alimwona kaka yake ameinamisha kichwa. Nyuma yake likaja jingine, na taa ikalingoja nalo.

Sudi alimkuta mama yake na pumzi kidogo. Alipiga magoti, akashindwa hata kusema nisamehe. Mama akamtangulia kusema.

"Radhi zangu zote umepata, mwanangu." Akavua bangili ya fedha aliyoolewa nayo. "Mpe huyo aliyekufikisha kwangu. Bila yeye ningekwenda na moyo mzito."

Kisha akageuza uso mlangoni. "Mwanaidi bado?"

"Yuko njiani, mama," Sudi akamjibu.

Akauliza tena, na tena, mpaka sauti ikawa haitoki, midomo tu. Sudi akamsomea shahada. Mwanaidi alipoingia na dawa mkononi, Bi Zena alikuwa anamfumba mama macho.

Hapa huniuma kila ninapofika, na sina namna ya kuisimulia ikawa nyepesi.

Hitima ilipokwisha Sudi, aliyekwisha kusikia kwa dada yake habari za taa na mkono wa trafiki, aliwaita wale watatu, akaiweka bangili juu ya mkeka. Wasia wa marehemu lazima utimizwe.

Hidaya akasema, "Bila taa zangu ungekuwa kwenye foleni mama yako akizikwa."

Chande akasema, "Taa hazina miguu. Mabasi mangapi yamepishwa yakaishia kuzubaa vituoni? Mimi ndiye niliyekuleta."

Magesa akasema mwisho, "Mimi ningeunyanyua mkono, taa na basi visingefaa kitu. Niliuteremsha, na dada huyu analia mbele yangu. Msiseme sikutoa kitu. Mpaka leo silali vizuri."

Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Akaliweka chini.

"Na mimi je? Zile dakika za kaka zilitoka wapi? Hazikuanguka kutoka mbinguni. Ni zangu, zilikatwa kwangu akapewa yeye. Mama alisema apewe aliyemfikisha. Aliyemfikisha kwa gharama kubwa kuliko wote ni nani?"

Chande akasema taratibu, "Pole, dada yangu. Lakini kutoa ni moyo. Wewe hukutoa, ulichukuliwa. Ungeulizwa pale ungekubali?"

Mwanaidi akaitazama bangili pale mkekani.

"Sijui," akasema. "Hakuna aliyeniuliza."

Sudi alilia mbele ya wageni, mtu mzima na ndevu zake. Akamwambia dada yake, "Chukua wewe." Bi Zena akamkataza. "Kumpa kwa huruma si kutimiza wasia. Shani alisema aliyekufikisha. Amua kwa haki."

Basi ninyi amueni. Na wewe hapo uliyekwisha kunyoosha kidole, kishushe kwanza. Usiniambie bangili ikatwe vipande, marehemu alitaja mtu mmoja. Usiniambie taa zile zing'olewe, ndani ya mabasi yale mlikuwa na akina Sudi wengi ambao hatuwajui. Yuko Hidaya aliyewahurumia wasioonekana, Chande ambaye hakuzubaa, Magesa aliyeushinda mkono wake, na Mwanaidi, ambaye muda wake ulitolewa bila yeye kuulizwa, ukamnunulia kaka yake radhi.

Je, wewe ungemvika nani bangili ile? Na jibu lako, ungeweza kulitamka Mwanaidi akikutazama?