Kivuli juu ya Sambaza

Nyoka akiwa pangoni, mwenye rungu hupiga jiwe tu. Rungu huvunjika, nyoka akazidi kujikunja ndani. Aliyejifungia kwa ukaidi hutolewa kwa kauli njema, wala si kwa kelele.

Katika avenyu moja ya mtaa wa Nguba, mjini Bukavu, nyumba zilikuwa kongwe na fupi, na jua liliwaangazia wote bila ubaguzi. Wakaaji walikuwa wamepatana mbele ya chifu wa avenyu, Papa Blanchard, kwamba anayejenga asipite ghorofa moja. Kisha akaja Papa Apollinaire, mfanyabiashara wa dhahabu aliyetajirikia migodini Luhwindja. Akabomoa nyumba ya zamani na kupandisha jumba. Ghorofa ya kwanza ilipokwisha akahamia humo, na nondo za ya pili zikachomoza angani kama miiba ya nungunungu.

Ukuta kwa ukuta naye aliishi Faida, mjane kijana aliyelea wanawe kwa sambaza, vile visamaki vya ziwa. Alivianika uani juu ya vichanja vitatu. Sasa kila alasiri kivuli cha jumba kilimeza kichanja cha kwanza, na sambaza ya kivulini haikauki, inaoza. Faida alikitazama kivuli kikisogea. Ghorofa ya pili ikisimama, vichanja vyote vitamezwa, na riziki ya wanawe pia.

Papa Blanchard alikwenda kukataza, akaishia kwa mlinzi wa geti. Ndipo Maman Adolphine, jirani wa ng'ambo, akawakusanya wanawake wagonge masufuria getini.

"Mwizi wa jua, toka! Rudi ku shimo yako ya zahabu!"

Papa Apollinaire hakutoka. Kesho yake aliongeza mabati juu ya uzio, akaongeza na mafundi.

"Unaona, maman?" Faida akasema. "Tukipiga sufuria moja, yeye anaongeza bati moja."

"Basi wewe utamufanya nini? Utamubembeleza?"

"Nitamusalimia. Tangu afike, hakuna mutu alimusalimia."

Ilikuwa kweli. Desturi ya avenyu ile ilikuwa kumpelekea mgeni chakula siku ya kuhamia, lakini huyu walimnyima kwa hasira. Jumapili, baada ya misa, Faida alikaanga sambaza, akasonga ugali wa muhogo, na alasiri akabisha hodi getini kwake.

"Jambo, papa. Niko jirani yako Faida. Tulikosa kukukaribisha, utusamehe."

Papa Apollinaire akachungulia kama anayeogopa mtego. "Na sufuria zenu ziko wapi leo?"

"Leo iko moja tu, na iko na chakula ndani."

Akacheka bila kupenda, akafungua. Alikula mpaka akalamba vidole. "Sambaza hii unaitosha wapi, soko gani?"

"Ninaikausha mwenyewe, papa, hapa nyuma ya ukuta wako. Nilikuwa naomba uje unionyeshe fasi ya kuhamishia vichanja, kabla nyumba yako haijaisha."

Akatoka. Uani kwa Faida, kivuli kilikuwa kimekwisha kulalia kichanja cha kwanza. Papa Apollinaire akaokota sambaza, ikamnata vidoleni kama gundi. Akainua macho kwenye nondo, akayashusha kwenye vichanja vilivyobaki juani. Akatafuta mahali. Huku jiko, kule choo, nyuma mteremko.

"Fasi haiko," akasema polepole.

"Haiko, papa."

"Mbona hamukuniambia?"

"Tulikuambia na sufuria. Lakini sufuria haina mudomo."

Papa Apollinaire akajifuta vidole. "Mulivyonitukana, nilisema nitapanda mpaka sauti zenu zisinifikie." Akatikisa kichwa. "Watoto wangu wako watatu, hawako batayo ya askari. Ghorofa moja inatosha. Na kichanja hiki utakileta kwangu, juu ya dari ya zege. Kule jua iko mingi."

Jumatatu msumeno wa chuma ulilia tangu asubuhi. Kila nondo ilipoanguka, Faida alihisi pumzi ikimshuka kifuani kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Papa Blanchard akaongeza neno katika mapatano ya avenyu: anayetaka kujenga, kwanza asimame katika ua wa jirani yake alasiri, na jirani ampokee kwa chakula.

Siku hizi Maman Adolphine akiinua macho, huona sambaza ikimetameta juu ya jumba alilolilaani.

"Kumbe ulimubembeleza kweli," humwambia Faida.

Faida hugeuza sambaza yake juani, akitabasamu. Hakika, maneno matamu humtoa nyoka pangoni.