Fuko Mgomaji na Bwawa la Mamba

Paukwa!
Pakawa!
Kulikuwa na nini?
Kiu!
Kwa nani?
Kwa wote, kasoro tajiri!

Haya, tulieni. Wewe wa nyuma, acha kucheka, hapa watu wana kiu.

Huko mbali kusini, kwenye nchi ya kangaruu, Mamba alikuwa na bwawa peke yake mlimani. Wanyama walimchimbia alipanue, ujira wao funda la maji jioni. Na anayeacha kuchimba kabla Mamba hajasema "basi," hanywi.

Siku moja Mamba akapunguza funda likawa nusu. Fuko, kadogo, hakaoni vizuri, ndiye aliyekuwa kiongozi wa chama cha wachimbaji. Akasema, "Tunagoma." Wakagoma.

Mamba akajinyoosha majini, chubwi. "Gomeni tu. Mimi nina maji."

Jua likawaka. Mama Kangaruu akamwendea Fuko, mtoto yumo mfukoni mwake. "Ndugu yangu, mwanangu halii tena. Alipokuwa akilia nilikuwa na nafuu."

Mgomo ni yeye Fuko aliyeuitisha. Akafikiri, akaenda kwa Mamba.

"Mzee, tumeshindwa. Tunarudi kazini. Amri ni ile ile?"

"Ile ile. Chimbeni mpaka niseme basi."

Mamba akala, akashiba, akalala. Koroo, koroo.

Wakachimba, chaku chaku, wakaelekea ukingo wa bwawa.

"Akiamka je?" akauliza Mama Kangaruu.

"Chimba, dada."

Chaku chaku. "Fuko, anajigeuza!"

"Chimba."

Chaku chaku, mara bwaaa! Ukingo ukabomoka, maji yakateremka bondeni. Mama Kangaruu akamwinamisha mwanawe. Hakunywa. Akamlowesha midomo, akangoja, roho juu juu. Kisha gu, gu, gu.

Mamba akaamka, tumbo matopeni. "Nani kawatuma?"

"Wewe, mzee," akasema Fuko. "Hukusema basi."

Wanyama wakamchagua Fuko awe mjumbe wao kwenye Baraza Kuu la nchi, linaloamua mambo ya maji. Mama Kangaruu hakupiga vigelegele. "Huko viti ni laini, ndugu yangu."

"Nitakaa pembeni," Fuko akajibu, akaenda. Mpaka leo Baraza likichelewa kuamua jambo la maji, bondeni hakuna anayelala vizuri: huulizana kama Fuko bado yuko pembeni.

Ngano yangu imekauka hapo. Ikiwa tamu mmeze, ikiwa chungu mtemee mbali.

Na funzo lake, watoto: mtiini tajiri wenu neno kwa neno, na akilala, adabu njema ni kutomwamsha.